Twaisifu Vesuvius, Twaipita Yatta Usingizini

Kwa miaka mingi ya ualimu wangu hapa Tala, nilichora mlima mmoja ubaoni kila mwaka. Nilianza kwa pembetatu, nikaikata ncha, nikatia mstari wa katikati kuonyesha njia ya lava, kisha nikaandika chini yake kwa chaki nyekundu: Vesuvius. Nikawasimulia wanafunzi jinsi mlima huo ulivyolipuka mwaka wa 79 na kuifukia miji ya Pompeii na Herculaneum kando ya Ghuba ya Naples, jinsi majivu yalivyoikuta mikate ingali tanurini, na jinsi Pliny Mdogo, kijana wa miaka kumi na saba, alivyoyatazama maafa hayo kutoka ng'ambo ya ghuba, akayaeleza baadaye katika barua zinazosomwa hadi leo. Darasa lilikuwa likinyamaza kimya. Nami nilikuwa nikijihesabu kuwa mwalimu hodari.

Mwaka wa 1996, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliinua mkono. Aliniuliza, "Mwalimu, wewe umeuona mlima huo?" Nikamjibu kuwa sijauona, kwani Italia ni mbali. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena, "Na ule ukuta mrefu ulio ng'ambo ya Mto Athi, uliotandaza kichwa kama meza, uliumbwa na nini?"

Msomaji mpenzi, ukipanda vilima vya Matungulu siku isiyo na ukungu utauona ukuta huo alioutaja binti yule. Ni uwanda wa juu wa Yatta. Mimi nilizaliwa nikiuona. Nilichunga mbuzi nikiuona. Nilikwenda chuoni, nikarudi na cheti cha kufundisha Jiografia, nikaukuta pale pale ulipokuwa. Hata hivyo, siku ile sikuwa na jibu. Nikafanya lile ambalo walimu hufanya wanapobanwa: nilimwambia kuwa swali lake halimo katika silabasi, nikamwamuru aketi.

Aliketi. Lakini swali lake lilikataa kuketi.

Muhula huo huo wa pili tulikuwa na ziara ya kwenda Mombasa. Ziara za masomo za siku zile zilikuwa na desturi yake. Basi liliondoka Tala jioni, wanafunzi wakaimba hadi sauti zikawakauka, na tulipoiacha Machakos nyuma wote walikuwa wamelala, mwalimu wao akiwa wa kwanza. Tulipita Sultan Hamud usingizini. Tulipita Emali, Makindu na Kibwezi usingizini. Alfajiri tuliamshwa na joto la pwani na harufu ya chumvi. Tukaingia Fort Jesus, tukaizunguka mbio mbio kwa muda wa dakika arubaini, tukapiga picha juu ya mizinga, tukanunua halwa, tukaenda ufuoni. Usiku wa pili tulirejea Tala kwa njia ile ile na kwa usingizi ule ule.

Binti aliyeniuliza lile swali hakuwamo safarini. Mama yake aliuza maharagwe katika soko la Tala, na fedha alizozipata ziliishia kwenye karo. Jumatatu iliyofuata nilimsikia akiwauliza wenzake kwa shauku, "Njiani mliona nini?" Wakamjibu, "Tulilala." "Na Mombasa je?" Mmoja akamkatia kipande cha halwa akampa.

Nilisimama mlangoni nikiwa na kitabu cha mahudhurio mkononi, nikaona haya. Wazazi wengine walikuwa wameuza kuku, wengine wameuza mbuzi, ili watoto wao wapate elimu ambayo haipatikani baina ya kuta nne. Sisi tuliichukua fedha hiyo tukanunulia usingizi na halwa. Aliyekosa kusafiri alikuwa na maswali, nao waliosafiri hawakuwa na hata jibu moja.

Nilianza kusoma upya kama mwanafunzi. Niliyoyakuta yalinishangaza. Uwanda wa Yatta ni lava tupu. Ni mojawapo ya mitiririko mirefu zaidi ya lava iliyoganda duniani, kwani urefu wake hukaribia kilomita 300, kuanzia upande huu wetu wa Kilimambogo hadi ndani kabisa ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita, lava ilitoka upande wa Bonde la Ufa ikafuata bonde la mto wa kale, kama maji yafuatavyo mfereji. Ikapoa, ikawa jiwe gumu. Baadaye mvua na mito iliyala mawe na udongo laini uliokuwa kandokando, pande zote mbili, ila jiwe lile gumu halikuliwa. Hivyo lililokuwa bonde likawa ndilo la juu, na vilivyokuwa vilima vikawa ndivyo vya chini. Bonde liligeuka mlima! Ni hadithi gani ya Vesuvius inayoishinda hii? Na jibu la yule binti lilikuwa hili: ukuta ule uliumbwa na moto uliotembea ndani ya mto.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikuwa nimeuacha mbacha wangu ukivujiwa na mvua, nikishughulika kuusifu msala wa Naples.

Mwaka wa 1998 nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuipanga ziara ya Mombasa kwa namna nyingine. Tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, tutasafiri mchana. Pili, kila mwanafunzi atakuwa na daftari lenye maswali aliyoyaandika mwenyewe kabla ya kuondoka. Tatu, hakuna atakayelala kabla ya Mtito Andei, mwalimu akiwemo!

Tuliondoka asubuhi na mapema, tukapitia Kangundo na Machakos hadi barabara kuu. Barabara ilikuwa imechimbuliwa vibaya na mvua za El Niño za 1997 na 1998, na basi letu lilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kwetu sisi hilo lilikuwa faida, maana tulipata wasaa wa kutazama. Baada ya Emali, upande wa kulia, vilima vya Chyulu vilianza kujipanga, kimoja baada ya kingine, vyenye vilele vya mviringo kama vyungu vilivyofunikwa. Niliwaambia wanafunzi kuwa kila kimoja ni mdomo wa volkeno. Wakaanza kuvihesabu, wakapotewa na hesabu.

Tuliingia mbuga ya Tsavo Magharibi kwa lango la Mtito Andei. Tulipofika kwenye lava iitwayo Shetani, basi zima lilinyamaza. Hapo ardhi ni nyeusi kama makaa, imekunjika na kupasuka, kilomita nane hivi kwa urefu, na mimea ni michache mno. Umri wake ni wa karne chache tu, jambo ambalo katika hesabu ya miamba ni kama jana asubuhi. Wenyeji walioyaona au kuyarithi masimulizi ya moto huo uliotoka ardhini waliona kuwa hiyo haiwezi kuwa kazi ya mwingine ila shetani, na jina likaganda pamoja na jiwe. Kijana mmoja aliokota kipande, akashangaa kukiona chepesi na chenye vitundu kama mkate. Nilimwambia vitundu vile ni pumzi ya mlima: gesi iliyokuwa ndani ya lava ikitoka huku jiwe likiganda. Kisha nikamwambia akirudishe mahali pake, kwani mali ya mbuga haiokotwi.

Swali lililofuata liliulizwa na mwanafunzi aliyekuwa akiitwa mzito darasani. Alitazama vilima vya Chyulu, akaitazama ardhi kavu chini yake, akasema, "Mwalimu, kule juu kuna kijani, kwa hivyo mvua hunyesha. Mbona hakuna mto unaoteremka?"

Nilitamani kumkumbatia. Sikumjibu. Nilimwambia asubiri kilomita chache.

Tulifika chemchemi za Mzima. Katikati ya nyika iliyokauka, maji yanabubujika chini ya jiwe jeusi, safi kiasi cha kuonyesha kila samaki na kila mguu wa kiboko. Kuna chumba kidogo kilichozamishwa majini, chenye vioo, na wanafunzi waliingia mmoja mmoja kutazama. Hapo ndipo nilipomjibu yule kijana. Mvua inyeshayo juu ya Chyulu haiteremki kwa juu, kwa sababu lava ina vitundu kama alivyoviona mkononi mwake. Maji huzama, huchujwa na jiwe, husafiri gizani kwa makumi ya kilomita, kisha huchomoza hapo Mzima, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Sehemu ya maji hayo huingizwa katika bomba lililojengwa katika miaka ya 1950, yakasafirishwa zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa.

"Kumbe Mombasa wanakunywa volkeno!" akasema msichana mmoja. Wote wakacheka. Lakini waliandika.

Tuliwasili Mombasa jioni, tukalala katika shule moja iliyotukaribisha, na asubuhi tukaingia Mji wa Kale kwa miguu. Sikuwaongoza Fort Jesus moja kwa moja. Tulipita kwanza katika vichochoro vya Ndia Kuu, tukatazama milango ya kuchongwa na roshani za mbao, tukausimamia kwa mbali Msikiti wa Mandhry na mnara wake uliochongoka, msikiti ambao husemwa ulijengwa mnamo 1570. Niliwaonyesha ukuta mmoja uliobambuka lipu, nikawaambia waguse. Jiwe lile lilikuwa matumbawe, yaani mifupa ya viumbe wadogo wa baharini. Mtoto wa Tala anayeijua nyumba ya matofali ya udongo mwekundu aliguswa na fikira kwamba kuna watu waliojenga mji kwa mifupa ya bahari.

Katika kichochoro kimoja tulimpisha mzee aliyekuwa akivuta mkokoteni wa mitungi ya maji. Mwanafunzi mmoja alimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu, mwatoka wapi?" Tulipomwambia Tala, Machakos, alisimama akajifuta jasho. Aliulizwa maji yake yanatoka wapi. Akasema, "Haya ni ya Mzima, yakipatikana. Yasipopatikana, twanywa ya kisima, na kisima cha hapa kina chumvi." Wanafunzi walitazamana. Walikuwa wameyaona maji yale yakizaliwa siku moja iliyotangulia, na sasa waliyaona yakiuzwa kwa mtungi. Hakuna kitabu changu kilichowahi kuwafundisha somo hilo la ugavi wa mali ya nchi kama alivyowafundisha mzee yule kwa sentensi mbili.

Baada ya hapo ndipo tulipoingia ngomeni, na ngome haikuwa tena mahali pa kupigia picha. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, juu ya mwamba wa matumbawe. Na aliyeisanifu, msomaji wangu, alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Nilipotamka hayo nilijicheka moyoni. Miaka yote nimewapeleka wanafunzi Italia kwa chaki, kumbe Italia ilikwisha kuja Mombasa zaidi ya karne nne zilizopita, ikaacha kuta ambazo twaweza kuziegemea.

Mwaka huo wa 1998 ulitimia miaka 300 tangu ngome hiyo iangukie mikononi mwa Waomani. Mazingiwa yalianza Machi 1696, yakaisha Desemba 1698, yaani miezi 33. Wengi wa waliokuwamo ndani hawakuuawa kwa upanga. Waliuawa na njaa na maradhi. Wanafunzi waliitazama birika ya kuwekea maji ya mvua, wakakitazama kisima kirefu ambacho maji yake ni ya chumvi, na bila mimi kuwaambia neno wakakumbuka mkokoteni wa mzee. Mmoja aliuliza iwapo bomba la Mzima lingekuwako siku zile, je, mazingiwa yangekwisha vipi? Mwingine akamjibu kuwa adui angelikata bomba siku ya kwanza. Walibishana hadi mlangoni. Tangu nianze ualimu, sikuwa nimewahi kuwasikia wanafunzi wakibishana juu ya historia bila kuahidiwa alama.

Niliwakumbusha pia kuwa njia tuliyoijia kwa basi si ngeni kwa watu wetu. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka bara hadi Mombasa, na mfanyabiashara mashuhuri Kivoi wa Kitui, aliyeuawa mwaka wa 1851, ndiye aliyempokea mmishenari Krapf na kumwezesha kuuona Mlima Kenya mnamo Desemba 1849. Wazee hao hawakuipita nchi usingizini. Aliyelala njiani alipotewa na chemchemi, na aliyepotewa na chemchemi hakufika.

Sasa nifike kwenye deni langu. Wanafunzi waliokosa nauli mwaka huo wa 1998 walikuwa zaidi ya nusu ya darasa. Jumamosi ya pili baada ya kurudi, tuliwachukua wote, wenye nacho na wasio nacho, tukateremka kwa miguu kuelekea Mto Athi. Kila mmoja alibeba chakula chake, na gharama nyingine haikuwapo. Kandokando ya maji, waliosafiri waliwaeleza wenzao waliyoyaona, huku ukuta wa Yatta ukiwa mbele yetu kama ubao uliokwisha kuandikwa. Niliwaeleza kuwa Athi hii hukutana na Mto Tsavo, unaopokea maji ya Mzima, ikaitwa Galana, kisha Sabaki, ikaingia baharini karibu na Malindi; na kwamba huko chini ya mto kuna visima ambavyo huwapa watu wa pwani maji ya kunywa. Mvulana mmoja ambaye hajawahi kuvuka Machakos aliutazama mto kwa muda mrefu. Akasema, "Basi takataka tunazotupa hapa tunawatupia watu wa Mombasa." Hiyo ndiyo ripoti bora ya ziara niliyowahi kupokea, nayo ililetwa na mtu ambaye hakwenda ziara.

Nimestaafu sasa, lakini bado naishi Tala na bado nayaona mabasi ya shule yakipita. Kanuni za leo zimezuia safari za usiku kwa wanafunzi, na hilo ni jema. Mtaala wa umilisi nao wahimiza mafunzo yatoke katika mazingira ya mtoto. Hata hivyo, usingizi si wa usiku peke yake. Siku hizi naona madirisha ya basi yaliyofungwa mapazia mchana kweupe, muziki ukirindima, na kila mkono wenye simu ukiinamiwa na kichwa. Yatta bado yapitwa. Chyulu bado vyapitwa. Nasi bado tunawaandikia wazazi barua za kuwaomba fedha za elimu.

Sisemi tuache kufundisha habari za Vesuvius. Dunia ni moja, na moto wake ni mmoja. Watu wa Goma waliokimbia lava ya Nyiragongo mwezi wa Januari 2002, na tena Mei 2021, wangeielewa barua ya Pliny kuliko msomi yeyote wa Ulaya. Ninachosema ni kuwa mtoto aliyejifunza kwanza kuusoma ukuta ulio ng'ambo ya mto wake ataisoma Pompeii kwa macho mawili. Aliyeanzia Pompeii ataisoma kwa jicho la kuazima.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, kabla ya kuagiza basi, watembezeni watoto wote kwa miguu mahali pa karibu ambapo ardhi ina la kusema. Hakuna wilaya wala kata isiyo na mahali hapo. Wapeni madaftari wayajaze maswali yao wenyewe. Nanyi wanafunzi, mwalimu akikwambia swali lako halimo katika silabasi, keti kwa adabu, lakini lihifadhi swali lako. Huenda yeye ndiye atakayelihitaji.

Binti aliyeniuliza habari za Yatta alimaliza shule mwaka wa 1997, kabla sijaipanga ile ziara ya pili. Nilimtafuta sokoni kwa mama yake ili nimpe jibu, nikaambiwa amekwenda kutafuta kazi Nairobi. Nilimwachia mama maelezo katika karatasi moja, pande zote mbili, pamoja na mchoro. Mama yule aliikunja karatasi akaitia kifuani pake, akanipimia kilo mbili za maharagwe, akakataa katakata kupokea fedha zangu. Maharagwe yale niliyabeba hadi nyumbani nikiona uzito wake mkubwa kuliko wa kilo mbili.